Kipeperushi Kilichokatwa Kona

Katika idara nzima ya ukaguzi wa dawa hapakuwa na mtu wa kunusa uongo kama Bi Pua. Uongo wa mwaka juzi, uliotiwa kwenye bahasha, bahasha ikatiwa kabatini, kabati likapigwa kufuli, yeye angeunusa akiwa bado mlangoni na angekwambia umetiwa chumvi vijiko vingapi. Ila siku hii ninayoisimulia alikuwa na mafua. Matundu yote mawili yalikuwa yameziba, na hata samaki wa wiki mbili angepita mbele yake akimpungia mkono asimtambue.

Kwa hiyo alitumia macho. Alikaa kwenye chumba cha Daktari, orofa ya pili ya hospitali, leso mkononi, akakagua. Saa ya ukutani imeandikwa Maungolin. Kalenda, Maungolin. Kalamu tatu, kikombe cha chai, kitambaa cha kufutia miwani, futi ya kitambaa iliyoviringishwa kama konokono, vyote Maungolin. Alipoinama kutupa leso aliona hata kapu la taka limebandikwa: Maungolin, viungo vicheke tena.

"Daktari," alisema, "hii dawa unaiandika au umeioa?"

Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeng'olewa jino. "Ni vitu vidogo tu, mama. Wanaleta, tunapokea. Ukikataa unaonekana una maringo. Lakini keki zao mimi sili. Hilo niandikie."

Bi Pua akaandika. Yeye huandika kila kitu, hata kikohozi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa tatu, fundi cherehani mmoja, mama wa miaka hamsini na mbili, alikuja hapa kwa maumivu ya magoti. Daktari akamwandikia Maungolin. Mwezi wa tano figo zote mbili zikagoma. Sasa fundi alikuwa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, na Daktari alikuwa anaishi kwa hofu, maana kesho saa tatu asubuhi baraza la madaktari lilikuwa linakaa kuamua kama anyang'anywe leseni. Ripoti ya Bi Pua ilitakiwa mezani kwa baraza leo, kabla ya saa kumi.

Bi Pua alitoa kipeperushi kwenye faili, akakikunjua. Kilikunjuka na kukunjuka mpaka kikafunika meza kama kitambaa cha arusi. Kilikuwa na picha ya mzee anayepanda ngazi amembeba mjukuu mabegani, meno nje yote thelathini na mawili. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: ASIPEWE MGONJWA ALIYEWAHI KUUGUA FIGO.

"Hiki ndicho kampuni walichotuletea. Mwakilishi wao amesaini kwamba ndicho alichokuachia mwezi wa kwanza."

"Mwongo!" Daktari aliruka. "Hayo maneno mekundu hayakuwepo. Naapa."

"Chako kiko wapi?"

"Nilikitupa. Nani anaweka matangazo?"

Bi Pua aliangalia saa ya ukutani, kalenda na kapu la taka. Alipitisha kidole pembeni mwa kipeperushi. Kona ya chini, upande wa kulia, ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Si kuchanika, kukatwa, kwa mkono wa mtu aliyetulia. Akaandika: kona.

"Na mama, jambo jingine," Daktari alisema, akiweka kiganja kifuani. "Mimi si daktari wa kusoma vipeperushi tu. Unaona hii namba tatu ndogo, hapa juu ya chati? Inakupeleka chini, kwenye jina la utafiti wenyewe. Niliutafuta huo utafiti, nikausoma wote, kabla sijamwandikia mgonjwa hata mmoja. Kama kuna aliyedanganywa, ni mimi."

Bi Pua alivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza ndipo akaiona hiyo namba tatu. Chini palikuwa na mstari wa maandishi madogo kama mayai ya chawa: Jarida la Mifupa na Viungo, kitabu cha 14, ukurasa wa 211 hadi 219.

"Hongera," alisema. "Macho yako ni mazima."

Wodi ya mashine ilikuwa mlango wa tatu kutoka pale. Fundi alikuwa amelala chali, mirija miwili imeingia mkononi, na mkono uliobaki unakunja ncha ya shuka na kuikunjua, kuikunja na kuikunjua, kama anatafuta pindo.

"Pole, dada yangu. Mimi ni mkaguzi. Sikuchoshi."

"Nimeshachoka kabla hujaja, uliza tu."

"Siku ile, ulimwambia Daktari lolote kuhusu figo?"

"Nilimwambia. Nikiwa msichana niliwahi kuvimba uso na miguu, wakasema ni figo. Nikamwambia, Daktari, isije ikanidhuru. Akafungua karatasi lake kubwa, akapitisha kidole hivi mpaka chini, akasema, humu figo hazikutajwa. Nikamuuliza, una hakika? Akasema, mama, utafiti wake nimeusoma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho." Mashine ikalia mara moja, ikatulia. "Basi mimi sikumeza kidonge, dada. Nilimeza neno lake."

Bi Pua aliandika maneno hayo yote, na chini yake akaandika tarehe.

"Mimi miaka thelathini nashona," Fundi aliendelea. "Mtu ananiletea picha ya gauni kwenye gazeti, anasema nataka hili. Sawa, zuri. Lakini kitambaa sikikati mpaka nimempima yeye. Picha haina kiuno chake."

"Karatasi gani hilo?" sauti ilidakia kutoka mezani. Ilikuwa ya Sista Mkuu, mwanamke mpana mwenye saa ya kubandika kifuani na sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Si lile la yule mzee mwenye meno?"

Bi Pua aligeuka polepole. "Unalijua, mwenzangu?"

"Nisimjue vipi? Nimemvua na kumvika! Madaftari ya zamu yanakuja uchi, mama. Jalada laini kama ganda la kitunguu, mwaka haujafika nusu limekwisha. Basi kila tarehe mbili ya mwezi wa kwanza tunayavika karatasi za matangazo. Karatasi zao ni ngumu, Mungu awabariki kwa hilo peke yake. Dawa sijui, lakini karatasi hazina mpinzani."

"Hilo daftari lako hapo mezani mbona jalada lake jeupe?"

"Nilimgeuza uso ndani. Nimesimama kwa miguu yangu saa kumi na mbili kwa siku, magoti yananiwaka. Nichekwe na mtu asiyeumwa?"

Fundi alicheka kitandani, mirija ikatikisika, Sista Mkuu akamkemea atulie.

Walilifungua jalada kwa wembe, gundi ya karatasi ikitoka na vumbi la miezi minane. Bi Pua aliligeuza juu ya meza. Mzee na mjukuu na ngazi vilikuwa vilevile. Na chini, mahali pa maneno mekundu, palikuwa peupe kama kichwa cha kipara. Kona ya kulia, ile iliyokatwa kwenye kipeperushi cha kampuni, huku ilikuwa nzima, na ndani yake namba ya chapa: Toleo la kwanza, mwezi wa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa na tarehe mbili ya mwezi wa kwanza kwa mwandiko wa Sista Mkuu, mnono kama yeye.

Kumbe mkasi haukukata karatasi, ulikata mwezi. Kile cha maneno mekundu kilichapwa baadaye, na kona yake ingesema lini.

"Tia saini hapa nyuma, mwenzangu. Tarehe na saa. Na sema nani alilivisha daftari hili."

"Nitafungwa?"

"Kwa kumgeuza mzee wa watu? Utapewa nishani."

Kabla hajaondoka Bi Pua aliomba futi. Sista akatoa yake mfukoni, nayo Maungolin. Chati ilikuwa na nguzo mbili: ya Maungolin ndefu, ya dawa ya zamani fupi, kama mtu na mbuzi wake. Ndefu: sentimita kumi na mbili. Fupi: nne. Mara tatu. Kisha akasoma tarakimu zilizofichwa miguuni mwa nguzo. Waliopata nafuu kwa Maungolin, sitini na moja kati ya mia. Kwa dawa ya zamani, hamsini na nane.

Alipima tena. Futi ya kampuni yenyewe haikubadilisha mawazo.

Mwakilishi wa kampuni alipatikana chini, kwenye chumba cha mapumziko cha madaktari. Wauguzi walimwita Asali. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, kiatu chenye ncha ya kuchokolea meno, na mezani mbele yake maboksi manne ya keki. Madaktari walikuwa wamepanga foleni. Nje ya mlango, ukumbini, wagonjwa walikaa sakafuni tangu asubuhi, mama mmoja anampepea mwanawe kwa kadi ya kliniki. Ndani, daktari wa watoto alikuwa analamba krimu kwenye kidole gumba, kisha akakipangusa kwenye koti jeupe, kisha akatoka na mkono uleule kwenda kumfungua mtoto kinywa.

"Shangazi, karibu keki!" Asali aliita.

"Shangazi yako tangu lini? Kaka zangu wamezaa mengi ya ajabu lakini hawajafika hapo. Watoe hawa, mimi ni mkaguzi wa dawa."

Chumba kikawa kitupu kwa kasi ambayo wagonjwa wa ukumbini hawakuwahi kuiona. Bi Pua alisukuma maboksi pembeni akatandaza vipeperushi viwili, cha kona na kisicho na kona.

Asali alitazama. Tabasamu lilibaki, ila sasa lilikuwa kama nguo iliyosahauliwa kambani. "Hicho umekipata wapi?"

"Kilikuwa kimevaliwa. Umesaini kwamba chenye wekundu ulikileta mwezi wa kwanza. Ulikileta lini?"

"Nilisaini walichoniandikia ofisi kuu."

"Sikuuliza nani ana mwandiko mzuri. Lini?"

"Mwezi wa sita."

"Fundi alilazwa mwezi wa tano."

"Ndiyo hiyo sababu ya kukichapa," Asali alisema, kama anayemfafanulia mtoto kwa nini mvua hunyesha.

"Na mkasi?"

"Ulikuwa wangu. Agizo lilikuwa lao."

Bi Pua aliandika, akapiga chafya, akaandika tena. Kisha akaweka kidole kwenye nguzo ndefu. "Sitini na moja na hamsini na nane. Kwa nini moja ni mara tatu ya mwenzake?"

"Chati haianzii sifuri, shangazi. Inaanzia hamsini na sita na nusu."

"Na nusu! Hiyo nusu ni ya nini?"

"Ilikaa vizuri kwenye karatasi."

Mtu mwingine angepiga meza. Bi Pua alichukua kipande cha keki, akakitazama, akakirudisha kwenye boksi kama mtu anayerudisha kobe mtoni. "Namba tatu. Utafiti wenyewe. Nipe nakala."

Asali alijipangusa vidole, kimoja kimoja. "Nikwambie ukweli?"

"Jaribu. Huenda ukaupenda."

"Mwaka wa sita huu nazunguka. Madaktari zaidi ya mia tatu. Wameniomba kalamu, miavuli, semina kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wiki iliyopita mmoja alinigombeza kwa sababu keki haikuwa ya chokoleti. Namba tatu hajaniuliza hata mmoja. Mimi mwenyewe sijui imeandikwa nini. Iko pale kama kifungo cha suti, cha urembo, hakifungi kitu."

"Hata Daktari wa orofa ya pili?"

"Yule aliomba saa ya ukutani. Mara mbili. Ya kwanza alipeleka nyumbani."

Mwongo naye ana siku yake ya kusema kweli, lakini siku hiyo huwezi kuipigia muhuri. Bi Pua alimsainisha Asali karatasi tatu, akavuka barabara kwenda maktaba ya chuo cha udaktari. Ilikuwa saa nane na nusu.

Mkutubi alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta siku ya joto, na alizungumza kwa kunong'ona hata kusipokuwa na mtu. Aliposikia jina la jarida alimwangalia Bi Pua kwa mapenzi, kama mtu aliyeulizwa habari za mke wake wa kwanza.

"Kitabu cha kumi na nne, ninacho. Hakuna anayekiuliza."

Akakileta, akakifuta vumbi kwa kiwiko. Bi Pua alifungua kuanzia mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mia na tisini na sita. Baada yake, jalada gumu la bluu.

"Pamechanika?"

"Mama!" Mkutubi aliumia. Alipitisha kidole kwenye mshono. "Tazama uzi. Hakijapungua hata jani. Na hapa mbele, orodha ya yaliyomo inaishia mia na tisini na sita."

"Labda kurasa zinaendelea kitabu cha kumi na tano."

Wakatoa cha kumi na tano. Kinaanza na ukurasa wa kwanza. Wakatoa cha kumi na tatu, kwa usalama wa roho. Kinaishia mia na themanini na nane. Wakapitia orodha za vyote vitatu, mstari kwa mstari, kidole cha mkutubi juu, kalamu ya Bi Pua chini. Maungolin haikutajwa popote.

"Kuna maktaba nyingine yenye jarida hili?"

"Wachapishaji wenyewe. Niliwapigia simu mwaka jana kuuliza kama liliwahi kutoka toleo la ziada, kwa ajili ya rekodi zangu. Halikutoka. Walishangaa kupigiwa simu." Akakifunga kitabu. "Mama, ukurasa unaoutafuta haujazaliwa."

Bi Pua alimwandikisha hayo pia. Akaangalia kadi ya wakopaji nyuma ya jalada. Ilikuwa nyeupe, safi, bado bikira. Alikuwa wa kwanza kutia saini.

Saa tisa na dakika ishirini alirudi orofa ya pili. Daktari alikuwa amesimama dirishani. Bi Pua alipotandaza jalada la daftari mezani, na saini ya Sista Mkuu nyuma yake, na maelezo mapya ya Asali, Daktari alikaa chini kwa kishindo, akafunika uso, kisha akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Nimepona. Mama, nimepona! Nilisema! Si nilisema?"

"Ulisema. Maneno mekundu hayakuwepo. Hilo litakuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti."

"Mungu akupe maisha marefu." Alimshika mikono yote miwili, akamsogelea, akapumua.

Hapo ndipo, kwa ukaidi wake tu, pua ikafunguka. Tundu la kushoto. Harufu ya kwanza kumfikia siku nzima ilikuwa ya krimu tamu na chokoleti, moto moto, kutoka kinywani mwa Daktari.

Bi Pua alirudisha mikono yake taratibu, akaifuta kwa leso.

"Tumalize la pili, basi. Baraza litauliza kama ulisoma tangazo tu au na utafiti. Asiyesoma na aliyesoma hawahukumiwi sawa."

"Nilisoma. Nimeshasema."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Kurasa zote tisa. Nilikwenda mwenyewe maktaba ya chuo, Jumamosi, nikakaa pale nusu siku."

"Ulikuwaje huo utafiti?"

"Mzuri sana," Daktari alisema, na sauti yake ikapata uzito ule wa kuwaambia wagonjwa majibu yao. "Umepangwa vizuri. Kulikuwa na jedwali kubwa, nadhani ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, la madhara yote. Nililikagua hasa kwa ajili ya figo. Hakukuwa na tatizo lolote."

Bi Pua aliandika neno kwa neno, akageuza karatasi, akampa kalamu. Daktari akasaini kwa mbwembwe, mkia wa saini ukapita nje ya mstari.

Ndipo mkono wa Bi Pua ukazama kwenye mkoba, ukatoka na kitabu cha bluu. Akakiweka mezani, juu ya meno ya yule mzee wa ngazi.

"Cha kumi na nne hicho. Macho yangu yamechoka leo. Nifungulie mia mbili na kumi na nne, nikanakili lile jedwali, halafu twende wote mlango wa tatu tukamsomee Fundi. Anasubiri."

Daktari alifungua kwa haraka ya mtu mwenye uhakika. Akageuza. Mia na themanini. Mia na tisini. Mia na tisini na sita. Kidole kikagonga jalada gumu, kikasimama. Akaligeuza jalada, akaangalia nje, kana kwamba kurasa nyingine zimetoka kupunga upepo.

"Labda," alisema, "labda ni toleo..."

"Ni hilihili. Tafuta tu, baba. Mimi nina mpaka saa kumi."

Saa ya Maungolin ilisema tisa na dakika thelathini na mbili. Daktari alikirudisha kitabu mwanzo kabisa, akalowesha kidole kwa mate, akaanza kuhesabu kurasa moja moja.